Ukurasa wa 112

Hapa Newala maji hupanda mlima kwa kusitasita,
yakifika yamechoka, yanatoka bombani na kikohozi.
Kwa hiyo tunasoma.
Ndoo zinapanga foleni, sisi tunakalia madumu,
ukungu umetufunika hadi magotini,
na vitabu vya mapenzi vinatoka ndani ya kanga
vimeviringishwa kwenye mifuko kama vitumbua.

Somoe hupima kitabu kwa machozi.
"Hiki cha leso mbili," anasema,
"hiki hata kamasi hakikunitoa, msijisumbue."
Mama Chilumba huuliza jambo moja tu:
huyo mwanamume anajua kupika?
Kama hajui, anakirudisha bila kukifungua.
Nangumbi wa duka la dawa anataka wabusiane
kabla ya ukurasa wa thelathini,
kwa sababu taa yake ya sola haifiki saa nne.

Pembeni, kwa penseli, tumeachiana maneno.
"Usianze usiku kama kesho una zamu."
"Mama mkwe uk. 61, huyu wangu mtupu!"
"Feruzi ni mwongo, ana mke Songea, mtaona."
Na chini yake mwandiko mwingine:
"Umetuharibia, Sijaona. Mungu anakuona."

Kile cha Pete ya Bati kilizunguka mpaka Kitangari,
kikarudi hakina jalada,
na doa la maji ya mabibo limekaa
pale pale kwenye karamu ya harusi.
Tukasema ndicho kinywaji chao.

Siku moja nikauliza, nikijifanya natania:
"Hakuna chenye mwanamke wa hamsini na mitatu,
mjane, goti bovu, pengo huku,
na bado mtu akatetemeka kumshika mkono?"
Wakacheka. Nilitangulia mimi kucheka.
Somoe peke yake alifikiri kweli,
akahesabu kwa vidole vitabu vyote alivyovililia,
akasema: "Hao huwa ni akina mama wa bibi harusi.
Huwa wanapika."
Bomba likakohoa. Tukasogeza ndoo.

Zikapita wiki mbili, mnada wa korosho ukapita.
Alhamisi nikakuta ndani ya ndoo yangu, kikavu kabisa,
kitabu nisichokijua.
Katikati kimechomekwa stakabadhi ya ghala,
kilo mia na nne, daraja la pili,
na nyuma yake, kwa wino wa kijani, herufi kubwa kubwa:

"Hadithi yenyewe ya kawaida.
Vijana wanagombana, wanapatana.
Lakini fungua 112. Yule mwenye nyumba wao.
Ni kurasa tatu tu, halafu mwandishi anamsahau.
Mimi sikumsahau."

Nilisoma nimesimama.
Mwenye nyumba anafagia uani.
Fundi saa, mpangaji wa chumba cha nyuma,
amerudi na samaki kwenye gazeti, kampa,
kamwambia, "Nilinunua nikasahau kwamba sina sufuria."
Anazo mbili. Yeye anajua, mama anajua,
ni mama aliyezisugua Jumapili.
Basi. Sura inaisha,
vijana wanarudi na ugomvi wao.

Nikasoma tena.
Aliye nyuma yangu akanigusa bega: "Bibi, maji."
Na kweli yalikuwa yanafurika, yanapita kwenye ndala zangu,
Newala hii, maji yanamwagika,
na hakuna aliyenigombeza.

Wino wa kijani ni wa nani, sikuuliza.
Mchopa anayeandika majina ya foleni hutumia bluu.
Karani wa mizani kule ghalani ana kalamu ya rangi nne,
lakini kalamu hizo zinauzwa kila duka.

Kitabu nimekirudisha kwenye mzunguko,
kwanza kwa Somoe,
maana lazima nijue ni cha leso ngapi.
Pembeni mwa 112 nimeandika kwa penseli,
ili pafutike kama nimekosea:
"Mimi ninazo sufuria tatu."